Tusikimbie na Mtoto Mikononi: Namna ya Kuwaeleza Watoto Habari za Vita na za Dunia



Katika 2 Samweli 4:4 kuna habari fupi ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Mefiboshethi, mtoto wa Yonathani, alikuwa na miaka mitano wakati habari ilipofika kutoka Yezreeli kwamba babu yake, mfalme Sauli, pamoja na baba yake wamekufa vitani. Mlezi wake akambeba, akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili.

Tuliangalie vizuri jambo hili. Adui alikuwa bado hajafika kwenye nyumba ile. Hakuna upanga uliomgusa mtoto. Kilichofika ni habari. Wala mlezi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mtoto na alitaka kumwokoa. Lakini mtoto aliumia kwa sababu ya namna mtu mzima alivyoipokea habari ile.

Ndiyo hatari tunayotaka kuizungumzia na wazazi, wachungaji na walimu wa Shule ya Jumapili. Watoto wetu wanasikia habari za dunia wakiwa mikononi mwetu. Uso wetu, sauti yetu, neno tunalolitupa mbele ya redio, hivyo vinawafundisha kabla ya mtangazaji. Watasikia habari za vita, tukitaka tusitake. Linalobaki mikononi mwetu ni nani atakayewaambia, kwa maneno gani, na kwa haraka gani.

Habari zinaingia bila kubisha hodi

Kutoka Lubumbashi hadi Goma, tukipima kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilometa 1,000. Lakini Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, habari zilifika Katuba, Ruashi na Kampemba siku ileile. Simu ya mama iko mezani. Kikundi cha WhatsApp cha familia kinapokea video. Mtoto anaichukua simu kutafuta mchezo, anakuta maiti barabarani. Kesho yake anawasimulia wenzake shuleni, na kila mmoja anaongeza lake.

Si mashariki yetu tu. Ukraine, Gaza, Sudani, ugonjwa wa mpox, mafuriko: yote yanapita kwenye kioo kilekile kidogo.

Mbele ya mambo haya, wazazi wengi wanachagua mojawapo ya njia mbili. Wa kwanza wananyamaza: “Haya ni mambo ya wakubwa, nenda ukacheze.” Mtoto anakwenda, lakini swali linakwenda naye. Mahali ambapo hakuna jibu atajijengea la kwake, na mara nyingi lile analojijengea linatisha kuliko ukweli. Wa pili wanaacha televisheni iwake kutwa nzima, wakisema mtoto lazima aizoee dunia jinsi ilivyo. Hao nao wafikiri tena. Mwaka 1995 bomu lilipolipuka katika mji wa Oklahoma City, Marekani, watafiti waliwachunguza watoto wa shule wa mji ule. Walikuta kwamba waliotazama sana habari za mlipuko kwenye televisheni walikuwa na dalili nyingi zaidi za mshtuko, hata wale ambao hawakuumia wala kufiwa. Picha peke yake inaweza kujeruhi.

Hata sheria za mataifa zimeyaweka mambo haya mawili pamoja. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 17 kwamba mtoto ana haki ya kupata habari, na pia kwamba alindwe na zile zinazoweza kumdhuru. Tunatakiwa kufungua mlango na kuulinda kwa pamoja.

Biblia ilitangulia. Katika Kutoka 12:26, katika Kumbukumbu la Torati 6:20 na katika Yoshua 4:6, Mungu anawaandaa wazazi wa Israeli kwa siku ambayo mtoto atauliza, “Mambo haya maana yake nini?” Hakuna hata mahali pamoja ambapo mzazi anaambiwa amfukuze muulizaji. Anaambiwa amweleze yaliyotokea, na amwonyeshe mkono wa Mungu ndani yake.

Tuanze kwa kumwuliza mtoto

Kabla ya kueleza, tuulize: “Umesikia nini?” na “Wewe unafikiri nini?” Halafu tunyamaze, tusikilize. Mara nyingi tutakuta kwamba swali lake si lile tulilodhani. Mtoto anapouliza, “Goma iko wapi?”, huenda haulizi jiografia, anataka kujua kama bunduki zitafika kwake. Akiuliza, “Papa utaenda Kasumbalesa wiki hii?”, huenda anataka kujua kama baba atarudi. Tukianza kuhutubia kabla ya kusikia, tutajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Tujipime na sisi wenyewe. Mzazi ambaye amepokea simu sasa hivi kwamba ndugu yake wa Bukavu haonekani hawezi kueleza vizuri wakati uleule. Si dhambi kusema: “Mama ana huzuni sasa. Nitakueleza jioni.” Lakini jioni ikifika, tutimize.

Mtoto wa chini ya miaka sita

Mtoto huyu anataka kujua mambo matatu: je, niko salama? Nani ananitunza? Kesho itakuwa kama leo? Vita, serikali na mipaka bado ni maneno matupu kwake. Hajui pia kwamba picha inaweza kurudiwa. Akiona mtu mmoja akianguka mara kumi kwenye televisheni, kwake ni watu kumi. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa umri huu ni kuzima: taarifa ya habari tuisikilize akiwa amelala, na simu iwekwe mbali.

Akiuliza, sentensi mbili au tatu zinatosha:

“Mama, watu wa vita watakuja hapa?”

“Mwanangu, vita iko mbali na hapa. Mtu akitoka leo kwa miguu, atalala njiani siku nyingi sana kabla ya kufika. Papa na mama tuko hapa. Sasa tutakula bukari yetu, tutaomba, tutalala.”

Angalia kwamba mama hakusema uongo, wala hakuongeza lisiloulizwa. Alimalizia kwa mambo ya kila siku, kwa sababu bukari, sala na kitanda ndivyo mtoto anavyopima usalama wake.

Kati ya miaka sita na kumi na moja

Hapa mtoto anasoma, anaulizana na wenzake, anataka haki itendeke. Anaweza kupokea ukweli mfupi. Tunapendekeza mambo matano, kila moja kwa sentensi moja au mbili: nini kimetokea, wapi, nani wanaumia, kwa nini kwa ufupi, na nani anasaidia.

Baba mwenye mtoto wa miaka tisa anaweza kusema hivi: “Kuna kundi la watu wenye silaha linaloitwa M23. Limeteka mji wa Goma, kule kwenye ziwa Kivu. Watu wengi wamekufa, na wengine wamekimbia nyumba zao. Wanagombania utawala, ardhi na mali, na ugomvi wao ni wa miaka mingi. Waganga wanatibu waliojeruhiwa, na makanisa yanapokea waliokimbia.”

Ramani inasaidia sana. Tumwekee kidole kwenye Lubumbashi, karibu na mpaka wa Zambia. Tupande naye hadi Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Tupande tena hadi Uvira, Bukavu na Goma. Umbali unaoonekana kwa macho unatuliza kuliko maneno mengi. Kama hakuna ramani, tuichore chini kwa kijiti.

Jambo la tano, yaani nani anasaidia, tusiliache kamwe. Mtoto aliyesikia tu kuhusu wauaji anajifunza kwamba dunia ni ya wauaji. Asikie pia kuhusu Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, ambako Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, amewatibu wanawake walioumizwa katika vita, hata akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Asikie kwamba mwanzoni mwa 2025 viongozi wa ECC na wa CENCO waliungana kuomba pande zote ziketi mezani.

Vipi kuhusu ubakaji, ambao unatajwa katika habari zetu karibu kila siku? Mtoto wa miaka minane akiuliza neno lile maana yake nini, tusimpige wala kumnyamazisha. Tuseme: “Ni mtu kumlazimisha mwingine na kumwumiza katika sehemu za siri za mwili. Ni uovu mkubwa. Aliyefanyiwa hana kosa. Mtu yeyote akikugusa hivyo, hata kama ni ndugu au mtu wa kanisa, uniambie, mimi nitakuamini.” Jibu hilo linaeleza habari, na linamlinda mtoto wetu mwenyewe.

Na pale tusipojua, tuseme: “Sijui, lakini nitauliza.” Mtoto hapotezi heshima kwa mzazi asiyejua. Anaipoteza kwa mzazi aliyesema uongo.

Miaka kumi na miwili na zaidi

Kijana huyu ana habari nyingi kuliko wazazi wake, lakini hana kipimo cha kuzipimia. Kazi yetu kwake ni kumpa kipimo. Kabla ya kuamini video au kuituma, ajiulize maswali manne: Nani ameitoa? Ni ya lini? Imepigwa wapi? Nani mwingine, asiye rafiki wa yule wa kwanza, amethibitisha? Picha ya vita ya nchi nyingine, au ya miaka mingi iliyopita, inaweza kubandikwa jina la Goma kwa dakika moja. Tumzoeze kulinganisha na redio yenye waandishi walioko mahali penyewe. Radio Okapi, kwa mfano, imekuwa ikitangaza tangu mwaka 2002, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake.

Uvumi unaua. Wakati wa Ebola huko Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliua zaidi ya watu 2,200. Ilisemwa huku na huku kwamba Ebola haipo, au kwamba imeletwa kwa ajili ya pesa. Hofu na hasira vilienea, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Kijana aelewe kwamba kidole chake kinachogusa “tuma” kinabeba uzito.

Tena, tusimfundishe dunia kwa njia ya vita peke yake. Sisi wa Haut-Katanga tuna somo linalopita mbele ya mlango: malori yanayokwenda Kasumbalesa. Mengine yanabeba kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia inatoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi na Lubumbashi, na inaingia katika betri za simu na za magari ya umeme. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wake nje kwa sababu bei ilikuwa imeshuka mno. Kijana akianza na lori hilo, ataelewa soko la dunia, China, mpaka, mishahara ya wachimbaji, na kwa nini madini yanatajwa kila mara watu wanapozungumza juu ya vita yetu. Mtoto anayeelewa sababu haogopi sana kama yule anayeona matokeo tu.

Habari isigeuke kuwa chuki

Sasa tunafika penye hatari kubwa kuliko hofu. Mtoto akisikia nyumbani, mbele ya televisheni, “Watu wa kabila lile wote ni nyoka,” kesho atatafuta nyoka darasani. Atamtazama mwenzake mwenye pua fulani, jina fulani, lafudhi fulani. Yule mwenzake hakuteka mji wowote. Pengine wazazi wake wenyewe wamekimbia.

Katanga yetu ina kumbukumbu ya mambo haya. Mwaka 1992 na 1993, maneno yaliyorudiwa hadharani juu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai yaliishia kwa kufukuza familia kwa maelfu, huko Likasi, Kolwezi na kwingineko. Watu walilala wiki kwa wiki kwenye stesheni za treni, na watoto walikufa pale. Mwaka uliofuata, nchini Rwanda, redio ya RTLM ilisaidia kuwasha mauaji ya kimbari. Waliokuwa watoto wakati ule ni wazazi leo. Wengine wanasoma maneno haya. Wanajua kwamba mauaji hayaanzi na panga. Yanaanza na mzaha wa mezani, na mtoto anayecheka kwa sababu baba amecheka.

Kwa hiyo tuchunge nomino zetu. Tuseme “waasi”, “askari”, “kundi fulani”, “viongozi fulani”. Tusitaje kabila mahali ambapo tunapaswa kutaja tendo. Mtoto akirudi na neno la chuki kutoka shuleni, tusilipite kimya kwa kuwa ni mtoto. Tumwulize: “Yule rafiki yako amefanya nini yeye mwenyewe?” Halafu tungoje jibu. Mbele za Mungu kila mtu atatoa hesabu yake mwenyewe (Warumi 14:12), na hiyo ni kanuni ambayo hata mtoto wa miaka saba anaielewa: asiadhibiwe kwa kosa la ndugu yake.

Mahali ambapo habari iko mlangoni

Ndugu wa Goma, Bukavu, Uvira, Bunia na Beni wanaweza kusema: “Ninyi wa Lubumbashi mnazima redio. Sisi milio tunaisikia dirishani.” Ni kweli, na hatutaki kuwafundisha mateso yao. Tunaongeza mambo machache tu kwa ajili yao.

Tusiahidi tusiloweza. “Hakuna kitu kitakachotokea” ni ahadi inayoweza kuvunjwa usiku uleule, na baada ya hapo mtoto hatatuamini tena. Tuseme: “Tutafanya yote tuwe pamoja. Tukitengana, fuata shangazi, nenda kanisani, useme jina la papa na namba hii ya simu.” Mtoto mwenye mpango ana hofu ndogo kuliko mtoto mwenye ahadi. Namba hiyo na aijifunze kwa wimbo.

Tupime maneno ya siasa mbele ya wadogo. Mdomo wa mtoto hauna kufuli. Anayosikia sebuleni atayasema kwenye foleni ya maji, na mahali pengine neno moja linaweza kuigharimu familia. Tumfundishe kwamba kuna maneno ya nyumbani, bila kumfundisha uongo.

Tuendeleze yaliyo ya kawaida: kufua, kuhesabu, kuimba, kuomba kwa saa ileile. Mtoto akicheza vita na bunduki za vijiti, tusimwite mwovu. Mara nyingi anajaribu kuelewa alichokiona. Akianza kukojoa kitandani, akishtuka usiku au akinyamaza, tumkumbatie bila kumchapa. Hali ikiendelea zaidi ya mwezi, tumpeleke kwa mganga au kwa mtu aliyefundishwa kusaidia watoto walioshtuka. Maombi na msaada huo havipingani.

Kanisa lifanye nini?

Kwanza, kuwe na dakika kumi katika Shule ya Jumapili, mara moja kwa mwezi: “Tumesikia nini wiki hizi?” Watoto waseme, mwalimu asahihishe kwa upole, ramani iwe ukutani, na kila mtoto achague mahali pa kuombea. Watoto wa Uingereza wana kipindi chao cha habari kwenye televisheni ya BBC tangu mwaka 1972. Sisi tunaweza kuanza na ubao na chaki.

Pili, mahubiri yetu. Tunapotaja vita madhabahuni, tukumbuke walioketi kwenye mikeka ya mbele. Maelezo ya maiti hayamwongezi mtu imani.

Tatu, tendo. Mtoto aliyesikia habari mbaya bila kupata la kufanya anabaki na mzigo. Sahani ya unga kwa familia iliyowasili kutoka mashariki, barua kwa watoto wa parokia nyingine, kumkaribisha mgeni mpya kwenye mchezo: hayo ni madogo, lakini yanamwambia mtoto kwamba habari haikumwishia masikioni.

Tukisoma mbele kidogo, katika 2 Samweli 9, tunamkuta Mefiboshethi amekuwa mtu mzima. Anaitwa kwa mfalme Daudi, na anaingia akiogopa. Daudi anaanza kwa kumwondolea hofu, halafu anampa nafasi mezani pake siku zote. Miguu yake haikupona. Lakini alipata mahali pa kukaa na kula bila kukimbia. Nyumba zetu na makanisa yetu yanaweza kuwapa watoto mahali kama hapo: meza ambapo swali lolote linaulizwa, na mtu mzima anajibu akiwa ameketi.

Tuombe: Ee Bwana, wewe unajua habari zote kabla hazijatufikia. Utulize mioyo yetu tusije tukawaangusha watoto uliotupa. Utupe ukweli bila ukatili, na utulinde tusirithishe chuki. Uwakumbuke watoto wa mashariki usiku huu. Amina.